Amepona, lakini haruhusiwi kutoka

Siku daktari alipomwandikia ruhusa, shemeji yangu alifunga nguo za mtoto ndani ya kitenge, akakaa ukingoni mwa kitanda, akangoja. Alingoja majuma matatu. Alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa katika hospitali moja ya hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na hawakumwacha atoke kabla ya kulipa. Fakitire, yaani bili ya matibabu, ilizidi mara mbili mtaji wote anaouzia sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, soko la Kadutu. Baada ya siku chache kitanda kilipewa mgonjwa mwingine. Yeye akahamishiwa chumba cha mwisho wa korido, walikolala akina mama wengine watano, wote wamepona, wote wanadaiwa. Tulipowapelekea fufu na sombe, mlinzi wa getini alituangalia usoni tukiingia, akatuangalia tena tukitoka, mmoja wao asije akapita amejitanda kitenge kama mgeni.

Nilisema kile ni kifungo, na bado nasema hivyo. Ibara ya 17 ya Katiba yetu ya 2006 haimruhusu mtu kushikiliwa ila kwa mujibu wa sheria. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao nchi yetu iliukubali mwaka 1976, unakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kulipa alichokubali kulipa. Mama anayenyonyesha hapaswi kulindwa mlangoni kama mwizi.

Lakini nina rafiki muuguzi, na nilipomweleza hayo aliniuliza: "Na mimi, nani atanilipa?" Amefanya kazi miaka mingi bila jina lake kuingia kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Anachopata mwisho wa mwezi kinatoka katika sanduku lilelile la mapokezi. Humo hutoka pia glavu, nyuzi za kushonea, oksijeni na mafuta ya jenereta umeme ukikatika. Mgonjwa mwenye deni akitoroka usiku, kwao anayekatwa fedha ni muuguzi wa zamu. Basi analinda mlango, na mimi siwezi kumchukia.

Mzigo huo haukuanzia kwake. Mwaka 1987, huko Bamako, mawaziri wa afya wa Afrika walikubali mgonjwa achangie gharama ili dawa zisikauke vituoni. Mwaka 2001, huko Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Mchango wa mgonjwa tunaujua vizuri. Ile asilimia 15 kwetu haijafikiwa, na pengo lote linamwangukia mama wa sambaza upande mmoja na muuguzi upande wa pili.

Watetezi wa kuzuia wagonjwa wana hoja moja inayoniuma kwa sababu ni ya kweli: inafanya kazi. Sisi tulichanga kwa sababu alikuwa ndani. Kanisa lilikusanya sadaka, mjomba aliuza mbuzi, simu zilipigwa hadi Uvira. Angekuwa nyumbani, deni lile lingesubiri nyuma ya ada ya shule na kodi ya nyumba.

Ila hesabu hiyo inaishia getini. Jirani yetu aliyekuja kumwona pale aliona yote kwa macho yake. Mtoto wake alipopata homa, alikwenda farmasi ya mtaani, akanunua vidonge vichache kulingana na faranga alizokuwa nazo, nusu ya dozi. Homa ikatulia, ikarudi. Alipofika hospitali mtoto alikuwa ameishiwa damu, na malaria ambayo ingetibiwa kwa dozi moja kamili ikawa kitanda, damu na siku kadhaa za dripu. Hofu ya kuzuiliwa ndiyo iliyomchelewesha, na kuchelewa ndiko kulikokuza fakitire. Mwingine huacha rehani simu au kadi ya mpiga kura, na kadi hiyo ndiyo kitambulisho chake kwenye vizuizi vya barabarani na kila anapokwenda.

Wengi husema dawa ya tatizo hili ni mituweli, mfuko wa bima ya afya ambao watu huchangia pamoja. Nakubaliana, kwa shaka. Mituweli hutaka nyumba nzima ijiandikishe, ilipe kwa mwaka, na ingoje muda kabla ya kuanza kutibiwa, maana wakiingia wagonjwa peke yao mfuko unakauka. Ni haki. Lakini faranga ya mama wa sambaza huingia jioni na asubuhi imeshanunua mzigo mpya. Mtu huyo huyo halali bila kulipa likelemba yake ya Jumamosi, mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu. Kwa nini mituweli isikusanywe hapo, kidogo kidogo, na watu anaowaamini? Ningeongeza bei moja iliyobandikwa ukutani, kama vituo kadhaa vinavyofanya, ili mama ajue kabla ya miezi tisa kisu kitamgharimu kiasi gani.

Serikali ilianza uzazi wa bure Kinshasa Septemba 2023, na ni jambo jema. Hospitali isiporudishiwa gharama kwa wakati, hata hivyo, malipo yatarudi kwa mlango wa nyuma. Tangu waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025 na benki kufungwa, hata mwenye akiba alijikuta hana cha kutoa, na hapo kumzuia mtu ni kungoja fedha ambayo haipo mjini.

Shemeji alitoka kwa nusu ya deni na karatasi aliyotia saini kwa nusu nyingine. Mhasibu alitikisa kichwa, akasema hatamwona tena. Kila Ijumaa, akitoka sokoni, alipita dirishani kwake na mtoto mgongoni, akaacha faranga chache, akaondoka. Ilimchukua miezi saba. Risiti ya mwisho ameikunja ndani ya kadi ya chanjo ya mtoto.