Pikapu za betri si dawa ya kila gitaa

Siku hizi ukilalamika kwamba gitaa lako halina nguvu, ushauri ni uleule: ng'oa pikapu za kawaida, vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, weka za betri. Mimi siafiki, walau si kwa haraka hiyo.

Wengi wanaoshauri hivyo wamesikiliza Metallica, bendi ya roki nzito. Wapiga gitaa wake, James Hetfield na Kirk Hammett, wametumia kwa miaka mingi EMG, pikapu za kampuni iliyoanzishwa California mwaka 1976 na Rob Turner. Haya, ngurumo ile inapendeza. Lakini David Gilmour wa Pink Floyd naye alifunga EMG kwenye gitaa lake jekundu la Stratocaster, na sauti ilitoka nyororo, haina ukwaru. Kwa hiyo betri yenyewe haileti ukali.

Inaleta nini basi? Pikapu ya kawaida ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara. Mizunguko mingi hutoa sauti ya kutosha, ila impedansi, yaani ukinzani wa pikapu kwa umeme wa sauti, nayo hupanda, na kebo ikiwa ndefu sauti za juu hupotelea njiani. Pikapu ya betri ina mizunguko michache na amplifaya ndogo humo humo ndani. Ndiyo maana kebo ndefu haiifubazi, na mvumo wa umeme hupungua sana. Anayepiga kanisani, amesimama mbali na ampu katikati ya nyaya na mataa, namwelewa kabisa akizitaka.

Mpiga solo wa dansi simwelewi. Uhai wa solo uko vidoleni: noti hii unaigusa, ile unaipiga, nyingine unapunguza volyumu kidogo ilainike. Pikapu za kawaida hazifichi tofauti hizo. Za betri, kwa masikio yangu, hutoa kila noti kama imepigwa pasi.

Halafu kuna kazi ya fundi. Poti (vidhibiti vya volyumu na toni) za kilo-om 250 au 500 hutolewa, zinaingia za 25. Jeki, tundu la kuchomeka kebo, inakuwa ya stirio, maana plagi ndiyo inayowasha betri. Ukiiacha imechomekwa usiku kucha, betri inaliwa bure. Na betri ya volti 9 inataka mahali pa kukaa. Gitaa lisilo na nafasi litachongwa, na mbao ikishachongwa hairudi.

Kabla ya hapo chukua bisibisi, sogeza pikapu karibu na nyuzi kidogo kidogo. Watu hushangaa jinsi sauti inavyobadilika, na hailipiwi. Kama kebo ndefu ndiyo inayokusumbua, pedali ya bafa, kijisanduku kinachoshusha impedansi ile, inatosha, na ukihamia gitaa jingine unahama nayo. Kama ni mvumo, shika nyuzi usikilize. Ukipungua unaposhika, mara nyingi kinachokosekana ni kinga ya ndani: fundi atandike karatasi ya shaba kwenye shimo la pikapu na aiunganishe na waya wa ethi. Usipobadilika hata kidogo, kagua kwanza soketi ya ukumbi na taa zilizo juu ya kichwa chako.