Bibi Harusi wa Kamati

Mwanamume akivuka miaka thelathini na mitano bila mke katika jiji la Dar es Salaam, huacha kuwa mtu binafsi na kugeuka mali ya umma kama kisima cha mtaa, ambacho kila mpita njia ana haki ya kuchungulia ndani yake na kueleza kilichopungua. Mimi ni karani wa ghala la vifaa vya ujenzi pale Buguruni, nimepanga chumba na sebule Mbagala, sina ugonjwa wa aibu wala deni la kukimbiwa, na kwa sifa hizo chache nimepatiwa kamati ya harusi kabla ya kupatiwa mchumba. Kamati hiyo ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Ina daftari la ahadi, na imekwisha kubishana mara kadhaa kuhusu rangi ya mapambo ya ukumbi. Asiyekuwepo ni bibi harusi peke yake, na mwenyekiti amelieleza jambo hilo kuwa ni changamoto ndogo ya utekelezaji.

Msifikiri kwamba ni upendo mtupu. Kwa miaka mingi nimepokea kadi za michango kutoka kwa watu ambao baadhi yao nilikuwa sijui hata majina yao ya pili, nikatoa, nikala wali wa harusi zao nikiwa nimekaa karibu na spika, na sasa wote wanajisikia wana deni nami ambalo haliwezi kulipwa mpaka nioe. Niliwahi kupendekeza kwamba wanirudishie tu fedha zangu taslimu na tusameheane, na mweka hazina akanitazama kama mtu aliyetukana mila.

Laiti kamati hiyo ingekuwa inamtafuta mwanamke mmoja, ningevumilia. Adha yangu ni kwamba kila mjumbe anamtafuta wa kwake, kisha wote wananitaka mimi niwaoe hao wote kwa mkupuo, tena ndani ya ngozi moja.

Baba yangu ni Msukuma wa Shinyanga, kwa hiyo upande huo unawakilishwa na baba mkubwa, ambaye huja mjini kwa basi akiwa na gunia la mchele na maoni. Kwa baba mkubwa, mwanamke ni mifupa na mgongo. Awe mrefu, awe na mikono inayojua jembe, aamke alfajiri, apike chakula cha watu wengi bila kuuliza wamealikwa na nani, na asibishane na wakubwa. Hapohapo baba mkubwa anataka awe mweupe, na huyataja maneno haya kwa kushusha sauti, kwa sababu anajua kwamba weupe huo ndio utakaopandisha idadi ya ng'ombe wa mahari, na ng'ombe hao ni wake. Nimeshindwa kumwonyesha kwamba mtu anayelima juani kutwa nzima, kama anavyotaka yeye, weupe huo hataweza kuutunza. Alinijibu, "Kijana wangu, wewe lete mtu, rangi tutaizungumza."

Mama yangu naye ni Mluguru wa Mgeta, na kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na ardhi ya ukoo hufuata njia hiyohiyo. Mama amekulia milimani akimwona bibi yetu akishuka kwenye miteremko na mzigo wa kabichi kichwani kuelekea gulio la Nyandira, akiuza mwenyewe, akihesabu fedha mwenyewe na kuzifunga kwenye pindo la kanga yake mwenyewe. Kwa hiyo mama akisikia neno "asibishane" hucheka mpaka anashika mbavu. Anachokitaka yeye ni mwanamke mwenye kauli, anayejua bei, atakayeweza kunizuia mimi nisikopeshe watu ovyo. Anasema mwanamke mpole sana ataniacha niibiwe. Mjomba, ambaye kwa desturi za upande huo neno lake huwa zito kuliko hata la baba, anakubaliana naye, akiongeza sharti moja tu kwamba mwanamke huyo mwenye kauli asiitumie kauli hiyo mbele ya mjomba.

Ningekuwa na wazee hao peke yao, ningewakutanisha wamalizane. Lakini yuko pia mama mwenye nyumba wangu, mzaliwa wa Unguja, ambaye hayumo katika kamati na hajawahi kukosa kikao. Huyu hahitaji jembe wala kabichi. Kwake yeye mwanamke huanza kunukia kabla ya kuonekana: nguo zifukizwe udi, ngozi isuguliwe singo, nywele zisikose asumini, miguu ipakwe piko, na maneno yatoke polepole kana kwamba yanalipiwa. Aliniambia kuwa mambo haya hayaokotwi njiani, mtu hufundwa na somo wake, yaani kungwi, na akanikumbusha utendi ambao Mwana Kupona wa Pate alimtungia binti yake mwaka 1858, ambamo binti anausiwa amlee mume kama mtoto mchanga ambaye bado hajajua kusema. Nilipomuuliza kama mtoto mchanga huyo ndiye pia anayetarajiwa kulipa kodi ya nyumba, alisema, "Ndiyo, mwanangu, na ya mwezi huu sijaiona."

Vijana wa ghalani ndio nisiotaka hata kuwaeleza kwa urefu. Wao mwanamke wanamchora kwa kidole hewani, na mchoro wenyewe huwa namba nane. Wanataka mrembo ambaye hajipodoi, msomi ambaye hajawahi kukaa bweni, mwenye mshahara mzuri ambaye saa kumi na mbili jioni yuko nyumbani ameshapika, na mwenye kujua mambo yote ya dunia bila kufundishwa na mtu yeyote aliyewahi kuishi. Mmoja wao, ambaye mpaka leo anafuliwa na dada yake, alinieleza kwa uzito mkubwa kwamba wanawake wa siku hizi hawajui wajibu.

Usiku mmoja, umeme ukiwa umekatika na joto la Mbagala likiwa limekataa kunipa usingizi, nilikaa na kuyapanga matakwa haya yote katika ratiba, kama ninavyopanga zamu za wapakiaji wa saruji. Nikaona kwamba bibi harusi wa kamati atatakiwa kuamka saa kumi alfajiri kwa ajili ya baba mkubwa, kuwa kwenye gulio akigombana na wachuuzi kufikia saa moja asubuhi kwa ajili ya mama, kuingia ofisini saa mbili kwa ajili ya vijana wa ghalani, kisha jioni awe ameketi juu ya mkeka ananukia, hajachoka wala hana la kusema. Hapakuwa na saa ya yeye kula. Nilijaribu kumpa nusu saa ya kuoga, ikagongana na udi.

Jambo lililonikera zaidi niliposhuka kwenye orodha ya baba mkubwa ni kwamba niliyafahamu yote. Kuamka alfajiri, ninaamka, kwa sababu nikichelewa kidogo daladala za Rangi Tatu haziingiliki ila kwa dirishani. Kupika, ninapika, tena dagaa zangu za nazi zimewahi kuulizwa na majirani zimetoka wapi. Kushona kifungo, kufagia uani na kubana matumizi ya mkaa, yote ninayafanya. Kutobishana na wakubwa ndiyo kazi inayonipatia mshahara, maana bosi wetu akikosea hesabu za nondo mimi hutakiwa kusema kwamba nondo ndizo zilizokosea. Uvumilivu ninao mpaka umeniletea vidonda vya tumbo. Kwa vigezo vya ukoo wa Shinyanga, ukiondoa urefu na weupe, mke mwema anayetafutwa kwa gharama zote hizi ni mimi. Nilipomwambia shangazi hivyo kwa utani, hakucheka. Aliniagiza nisiwaambie watu kwamba ninajua kupika, angalau mpaka mahari ipokelewe, kwa sababu mwanamume anayejua kupika huwafanya watu wajiulize mke ni wa nini. Tazama sasa: mwanamke anaambiwa aoneshe ujuzi huohuo ambao mimi ninaagizwa niufiche, na chungu ni kilekile na dagaa ni walewale.

Nikaona bora nipeleke shauri langu kwa padri wa parokia, kwa matumaini kwamba Kanisa litakuwa na mwanamke mmoja aliyekubaliwa. Padri akanielekeza kwenye sura ya 31 ya kitabu cha Mithali, penye sifa za mke mwema, na katibu wa kamati, aliyekuwa amenisindikiza, akaitikia kwa furaha, kwani yeye siku zote huitaja sura hiyo kuwa ndiyo mwongozo wa upole wa mwanamke. Nadhani hajawahi kuisoma. Mimi niliisoma nyumbani taratibu, mstari kwa mstari, nikamkuta mama mmoja mfanyabiashara mkubwa, anayeangalia shamba akalinunua, anapanda mizabibu kwa fedha aliyoipata kwa mikono yake, anaagiza chakula kutoka mbali, anatengeneza nguo za kitani na kuziuza, taa yake haizimiki usiku, na wajakazi anao. Mume wake anatajwa kuwa anajulikana malangoni, aketipo pamoja na wazee wa nchi. Sikuona mahali panapomtaja mume huyo akibeba hata kikapu. Hapo mama yangu alishinda hoja kwa Maandiko, na kwa upande wangu nilimwonea mume huyo wivu wa dhati, maana hicho cha kuketi na wazee langoni ndicho kitu pekee katika mambo yote haya ambacho ninaamini ningekifanya vizuri.

Nilimpelekea mama mwenye nyumba habari hizo nikidhani nimemkomoa. Hakushtuka. Alisema kwamba kwao Waislamu hawakuhitaji kungoja nimalize kusoma, kwa kuwa Bibi Khadija binti Khuwaylid alikuwa na misafara yake ya biashara, alimwajiri Mtume kabla ya kuolewa naye, na posa ilianzia upande wake mwenyewe. "Na udi alifukiza," akamalizia, akaingia ndani.

Baada ya hapo kamati iliamua kunikutanisha na dada mmoja wa Tabata, karani katika ofisi ya mawakili, aliyepatikana kupitia rafiki wa mweka hazina. Tulikutana kwenye mgahawa, nikiwa nimevaa shati ambalo shangazi alilichagua na kimya ambacho baba mkubwa alikichagua. Nilikwenda nikiwa mchunguzi, na kabla ya soda kufunguliwa nikawa mchunguzwaji. Kumbe na kwao iko kamati. Mama yake anataka mwanamume mwenye kiwanja, dada zake wanataka mrefu anayependeza kwenye picha, viongozi wa kwaya yake wanataka mcha Mungu asiyetumia kilevi, na marafiki zake wa kikoba wanataka mwanamume mkali kidogo lakini anayelia akiguswa moyo. Mimi, ambaye kwa miaka yote nilidhani kwamba kuwa mwanamume ni jambo lililokwisha amuliwa siku ya kuzaliwa, nikajikuta ninapewa ratiba isiyo na nafasi ya kula.

Nikajaribu kujitetea kwa hoja niliyoisikia ghalani, kwamba siku hizi mambo ni hamsini kwa hamsini, kila mmoja aweke nusu mezani. Hapo ndipo ofisi ya mawakili ilipojionesha. Dada yule aliweka uma chini akanieleza, bila hasira, kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mume wajibu wa kumpatia mkewe malazi, mavazi na chakula kulingana na uwezo wake, na kwamba mke mwenye kipato huwajibika kumtunza mume pale tu mume anaposhindwa kujipatia riziki kwa sababu ya majeraha au maradhi ya mwili au ya akili.

"Kaka," akaniuliza kwa upole wa kweli, "wewe unaumwa?"

Sikujibu mara moja, kwa kuwa nilikuwa ninavifikiria vidonda vya tumbo. Yeye akaendelea kuuliza, na swali lililofuata lilikuwa kama ninajua kupika. Nikamkumbuka shangazi, nikakumbuka mahari, nikaiangalia sahani ya kuku iliyokuwa imekaangwa mpaka ikakauka, na nikamweleza kuhusu dagaa za nazi. Akaagiza soda ya pili. Alisema kwamba wanaume waliotangulia kuletwa na kamati yake wote walimweleza wanachopenda kupikiwa, akanitaka nieleze tui zito ninalitia wakati gani. Tuliyazungumza mapishi mpaka jua likazama, na katika muda wote huo hapakuwa na aliyenukia udi, aliyelima wala aliyetongoza.

Nilipoirudisha taarifa kwenye kikao, wajumbe waligawanyika vibaya. Baba mkubwa alipigiwa simu, akauliza rangi. Nikasema sikuiangalia, akakata. Vijana wa ghalani walitaka kujua kuhusu namba nane, na nikawaambia kwamba alikuwa amekaa. Mama alifurahi sana kuhusu ile sheria, akaomba aandikiwe kifungu. Shangazi ndiye aliyekasirika, kwa sababu ya dagaa, na amekataa kunisalimu mpaka sasa.

Juzi umeletwa ujumbe kwamba shangazi za yule dada wa Tabata wangependa kuja Mbagala kunitazama ninavyoishi, na kwamba wakija wangependa kuonja. Mama mwenye nyumba amelipokea jambo hilo kama la kwake, amefua mapazia, ameleta chetezo cha udi ndani ya chumba changu bila kubisha hodi, na ananifundisha namna ya kukaribisha wageni kwa sauti ya chini bila kuwakazia macho. Kamati imeidhinisha ugeni huo kwa kauli moja, isipokuwa gharama za nazi, dagaa na mchele, ambazo mweka hazina amesema haziingii katika bajeti ya harusi kwa kuwa zinahesabika kuwa ni matumizi binafsi ya anayeposwa.