Shemeji na Betri Mbili

Shemeji yangu ana baiskeli ya umeme na haraka ya kuzaliwa nayo. Betri moja ilikuwa inamwishia njiani, akanunua ya pili, akaniita nimshikie tochi aziunge sambamba: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. "Volti zinabaki zilezile, ampea-saa, yaani ujazo wa chaji, zinajumlishwa," akanisomesha. Na hapo alikuwa sahihi kabisa, ndiyo maana nilishika tochi.

Zote mbili zimeandikwa volti 48. Ila namba ya kwenye gamba haikuambii ndani kumebaki nini, nikaomba nipime kwanza. Iliyotoka kwenye chaja ilisoma 54.6. Iliyoshinda barabarani, 42.

"Shemeji, hizi hazilingani."

"Sasa si ndiyo vizuri? Yenye nyingi itamgawia mwenzake."

Ikamgawia. Kwa mkupuo. Tofauti ya volti 12 na ushee, ukinzani wa waya na seli, vile vibetri vya ndani, haufiki hata omu moja: piga hesabu, ni makumi ya ampea zinazoingia kwa mlango wa kutokea, yaani plagi ya kutolea umeme, ambako betri nyingi hazina ulinzi wa chaji. Pah! Cheche ya buluu, harufu ya plastiki, na shemeji nikamsikia akikohoa nyuma ya mlango. Alifikaje huko sijui, mlango ulikuwa umefungwa.

Pini za plagi zilikuwa zimegandana. Dada akachungulia. "Baba watoto, ndiyo nini hiyo?"

"Zinagawana," akajibu kwa sauti ndogo.

Nikavaa glavu nikazibandua. Ile chovu tuliiweka nje kwenye saruji, mbali na nyumba. Haikuaminika tena, tukatafuta nyingine ya aina ileile, seli 13 kwa mfululizo, yaani chanya ya moja kwa hasi ya inayofuata, kama mwenzake. Zamu hii zote zilijazwa, zikapumzishwa, zikapimwa hadi tofauti ikawa chini ya volti 0.1, kila moja ikapewa fyuzi yake. Zikaungana kimya kimya, hata mbu hakushtuka.

Tatizo sasa ni mita ya kupimia volti. Haitoki mfukoni mwa shemeji. Juzi amepima betri za rimoti ya televisheni: 1.52 na 1.47. Akakataza mtu asibadili chaneli mpaka zilingane.

"Shemeji, hizo zimeungwa kwa mfululizo, si sambamba."

"Wewe shika tochi."

Tukaangalia taarifa ya habari hadi usiku wa manane.