Msiruke rege: kuifuata Bad Brains kanda kwa kanda

Mtu aliyeijua Bad Brains, bendi ya Marekani, kupitia panki (punk, roki ya kasi na makelele) huwa na mazoea yake na ile kanda yao ya 1982: anasikiliza nyimbo za kasi zote, na zile tatu za rege anazivuka. Rasta anayeifahamu bendi hiyohiyo hufanya kinyume. Anazo zile tatu kwenye simu yake, na makelele mengine hataki hata kuyasikia. Nimekaa na watu wa pande zote mbili hapa Maryland, na nawaambia neno lilelile: mnasikiliza nusu ya bendi. Nayasema haya kwa Kiswahili kwa sababu wengi wetu tumekua na rege ya Bob Marley na Lucky Dube masikioni, kwa hiyo mlango wa kuingilia kwenye muziki huu tunao tayari, tena mlango ambao vijana wengi wa panki wa Marekani hawakuwa nao.

Kwa asiyewajua: ni vijana wanne weusi waliotokea vitongoji vya upande wa Maryland, nje kidogo ya Washington. H.R., jina lake Paul Hudson, anaimba. Mdogo wake Earl yuko kwenye ngoma, Dr. Know anapiga gitaa, Darryl Jenifer besi. Walianza katikati ya miaka ya 1970 wakipiga jazi ya umeme, ile yenye mapigo magumu ya kuhesabu, na bendi ikiitwa Mind Power. Panki waliikuta baadaye kidogo, wakaiongezea kasi mpaka ikawa kitu kingine, kile kinachoitwa hardcore: wimbo wa dakika moja na ushee, ngoma inakimbia, gitaa halipumui. Vijana wengi waliopiga panki wakati huo walikuwa wanajifunza vyombo jukwaani. Hawa walikuja wakiwa mafundi tayari, na ndiyo maana wanaweza kukimbia kasi ile kisha wakasimama wote wanne kwa pamoja, pasipo hata mmoja kupitiliza.

Rekodi ya zamani zaidi inayopatikana kwa urahisi ni ya 1979, iliyofanyika kwa fundi wa kurekodi Don Zientara, nyumbani kwake Arlington, Virginia, ambako ndiko studio ya Inner Ear ilipoanzia. Ilikaa kabatini mpaka 1996 ilipotolewa kwa jina la Black Dots. Naipenda kwa sababu moja: unawasikia kabla hawajajijua. Nyimbo nyingi zitakazokuja kuwa maarufu zimo, lakini zinatembea polepole zaidi, na rege ndiyo kwanza inachungulia. Walikuwa wamekwisha kwenda kumwona Bob Marley jukwaani, na imani ya Rasta ilikuwa inaanza kuwaingia. Mwaka uliofuata wakatoa singo yao ya kwanza kwa pesa zao wenyewe, wimbo wa kama dakika moja na nusu, ukazunguka kwa mikono ya vijana mji hadi mji.

Kisha kumbi za Washington zikaanza kuwakataa. Wakahamia New York, na huko, kwenye studio ndogo iliyoitwa 171A, ndiko ilikorekodiwa kanda ninayoizungumzia. Kampuni ya ROIR ilitoa kanda tu wakati huo, si santuri, kwa hiyo albamu ya kwanza ya bendi hii ilizaliwa kama kaseti: jalada la njano, radi ikilipasua kuba la bunge la Marekani.

Hapa naomba tukae kidogo.

Upande wa kwanza unaanza na nyimbo tano za kasi mfululizo. Wa tano ni ule unaosimulia walivyofungiwa milango katika mji wao, na ndani yake mna kipande ambapo bendi nzima inapunguza mwendo ghafla na kuwa nzito kabla ya kuondoka tena. Wimbo unakwisha, na bila onyo inaingia Jah Calling, rege tupu isiyo na mwimbaji. Hapo ndipo msikilizaji wa panki anapobofya kwenda mbele. Hapo hapo ndipo mimi ninapomwomba asibofye.

Anayejua rege anajua kwamba nguvu yake iko kwenye kile kisichopigwa. Katika mdundo wa asili wa Kijamaika pigo la kwanza huachwa wazi, uzito ukaja kuangukia la tatu. Besi ndiyo inayozungumza, gitaa linajibu kwa kifupi na kunyamaza. Earl Hudson aliuelewa ukimya huo. Sasa rudi kwenye zile nyimbo tano ukiwa na sikio hilo. Utasikia kwamba hata katika kasi ile Earl anaacha nafasi: anakata, anasubiri sehemu ya sekunde, anarudi. Utasikia besi ya Jenifer ikitembea na wimbo wake yenyewe badala ya kulifuata gitaa nyumanyuma. Na H.R. hapigi kelele. Anaimba. Sauti inapanda, inatetemeka, inavunjika na kushuka kwa namna ambayo mwimbaji wa rege angeitambua mara moja. Wanaosema rege katika kanda hiyo ni mapumziko kati ya nyimbo za kweli wameigeuza hesabu. Zile nyimbo tatu ndizo zinazokufundisha namna ya kusikiliza nyingine zote.

Maneno nayo yanafuata njia hiyo. Wimbo wa Attitude umebeba falsafa ya kuwa na mtazamo chanya, ambayo H.R. aliichota kwenye kitabu cha Napoleon Hill kuhusu mafanikio. Kitabu cha biashara, Rasta na panki, vyote ndani ya sekunde themanini hivi! Katika muziki uliojaa vijana waliokuwa wanatangaza kwamba hakuna kesho, hawa walikuwa wanahubiri kwamba kesho ipo na inajengwa. Marley aliyafanya hayohayo kwa mwendo mwingine.

Rock for Light ya 1983 sina mengi ya kuisemea. Mtayarishaji alikuwa Ric Ocasek wa bendi ya The Cars, nyimbo kadhaa za kanda zikarekodiwa upya, sauti ikawa safi zaidi. Ni rekodi nzuri. Ila ujihadhari na toleo la 1991: humo mchanganyo (namna sauti na ala zilivyopangwa pamoja) ulifanywa upya na mwendo ukaongezwa, hata sauti ya H.R. ikapanda juu kuliko ilivyokuwa. Matoleo ya miaka ya karibuni yamerudisha mchanganyo wa mwanzo, na huo ndio wa kutafuta. Kuongeza kasi kwa mashine muziki ambao thamani yake yote ni kwamba binadamu waliweza kuupiga kasi ile kwa mikono yao ni jambo ambalo mpaka leo linanikera.

Inayofuata ni I Against I, ya Novemba 1986, chini ya kampuni ya SST, mtayarishaji Ron Saint Germain. Hii ndiyo inayoniunga mkono kuliko zote. Ukiangalia orodha yake, haina wimbo hata mmoja wa rege tupu. Wengi huieleza kama albamu ambamo bendi iliacha rege na kukimbilia roki nzito. Mimi naisikia vingine kabisa. Rege iliacha kukaa kwenye nyimbo zake tatu za pembeni, ikaingia ndani ya nyimbo zote. Sikiliza Re-Ignition: gitaa linapiga na kunyamaza, na ule unyamavu ndio unaokufanya utikise kichwa. Sikiliza Secret 77, jinsi besi inavyoachiwa uwanja. Kasi imepungua kwa sababu hawaihitaji tena. Wamekwisha kujua kwamba uzito unatokana na nafasi iliyo kati ya pigo na pigo. Somo hilo lilitoka Kingston, likapitia nyumba za wazazi wao Maryland.

Katika albamu hiyohiyo mna Sacred Love, ambao H.R. aliuimba kupitia simu akiwa kifungoni kwa kosa la bangi. Sauti yake inakuja nyembamba, imebanwa na waya, huku bendi ikiwa kubwa nyuma yake. Wangeweza kusubiri atoke. Hawakusubiri, na kwa maoni yangu hakuna studio ya fedha nyingi ambayo ingeupa wimbo wa mapenzi umbali wa namna ile.

Anayetaka ushahidi wa jukwaani atafute onyesho lililorekodiwa katika ukumbi wa Paradiso, Amsterdam, mwaka 1987, likatolewa 1990 kwa jina la The Youth Are Getting Restless. Wanatoka kwenye kasi kwenda kwenye rege na kurudi mbele ya umati mmoja, na umati hauendi kununua vinywaji.

Nina jambo la kusema kuhusu Quickness ya 1989, maana ukiifuata bendi miaka yote huchagui kurasa. Humo mna wimbo kuhusu UKIMWI unaowahukumu mashoga, tena wakati watu walikuwa wanazikwa kila wiki. Kabla ya hapo, mwaka 1982, kulikuwa na ugomvi wao na bendi za Texas, Big Boys na MDC, uliotokana na chuki hiyohiyo. Siutetei wimbo ule kwa kisingizio cha imani wala cha enzi. Gitaa la Dr. Know katika albamu hiyo ni kali ajabu, na bado wimbo huo ni aibu, na ningependa wanaoandika sifa za bendi hii wauseme waziwazi.

Rise ya 1993 ina mwimbaji mwingine, Israel Joseph I, na God of Love ya 1995 ilimrudisha H.R. na Ocasek pia. Zisikilizeni mara moja.

Lakini Build a Nation ya 2007 nitaipigania. Aliyeitayarisha ni Adam Yauch wa Beastie Boys, kundi lililoanza likiwa la vijana wa hardcore wa New York waliowatazama Bad Brains kama walimu. Wanne wa mwanzo wote wamo. Lalamiko linalorudiwa ni kwamba H.R. hapigi tena makelele: bendi inakimbia kama 1982, naye anaimba taratibu, mwangwi ukiizunguka sauti kama katika dabu ya Jamaika, ile rege iliyopunguzwa maneno na kujazwa mwangwi, kana kwamba yuko chumba kingine. Wanaolalamika wanataka kijana wa miaka ishirini na ushee. Mimi nasikia jambo ambalo bendi ilikuwa inalitafuta tangu nyumbani kwa Zientara. Kwa miaka yote rege na hardcore zilipokezana zamu, au moja ikajificha ndani ya nyingine. Hapa zinakwenda kwa wakati mmoja: chini panki, juu mwimbaji wa rege ambaye hana haraka yoyote. Into the Future ya 2012 inaendelea pale pale, ikiwa na dabu waliyomtungia Yauch, aliyefariki Mei mwaka huo. Aliyezoea kuvuka nyimbo za rege atafika kwenye albamu hizi mbili na asielewe kilichotokea kwa H.R. Aliyesikiliza Jah Calling mpaka mwisho ataelewa tangu wimbo wa kwanza.