Kishikwambi chepesi, umri mfupi

Asubuhi moja pale Mwanjelwa, Mbeya, nilimkuta mwalimu mmoja kutoka upande wa Tukuyu kwenye meza ya fundi simu. Kishikwambi chake kilikuwa kimefumuka ubavuni, betri imevimba mpaka imesukuma kioo. Fundi alipuliza hewa ya moto pembezoni, akapenyeza kipande cha kadi ya plastiki, gundi ikavutika kama ulimbo.

“Mwalimu, kioo kinaweza kupasuka hapa. Na bei ya kioo haipishani sana na ya kununua kingine.”

“Fungua tu, fundi. Maandalio yangu yote ya somo yamo humo.”

Ile gundi ndiyo iliyonifanya niandike. Kifaa hiki kimetoka mbali. GRiDPad, kishikwambi cha mwaka 1989, ilikuwa na uzito wa kilo 2 hivi na iliendeshwa kwa kalamu yake. Mwaka 2002 Microsoft ikaleta Tablet PC, ambazo kwa kweli zilikuwa Windows ya mezani iliyopewa kalamu, na watu wengi hawakuzitaka. Januari 2010 Steve Jobs wa Apple akaonyesha iPad: gramu 680, hakuna kalamu, kidole kinatosha. Mwaka 2013 iPad Air ikashuka hadi gramu 469. (Kidole nacho kina masharti yake. Kioo cha sasa kinahitaji kuguswa na ngozi, kwa hiyo Makete au Njombe mwezi wa saba, baridi ikiwa imekaza, lazima uvue glovu ya kawaida.)

Wanaosifu mabadiliko haya wana hoja nzito. Kompyuta ya mezani umeme ukikatika imezima, na kazi ambayo hukuihifadhi imekwenda nayo. Kishikwambi kinashinda na chaji, na paneli ndogo ya sola kijijini Mufindi inakiamsha tena. Sensa ya Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi. Makarani walipanda navyo milima ya Livingstone na kushuka navyo hadi kila kitongoji. Baadaye serikali ikavigawa kwa walimu. Kazi ile isingefanyika kwa mashine ya kilo 2.

Lakini wembamba una gharama yake, na anayeilipa ni mtumiaji wa mwisho. Betri iliyogandishwa kwa gundi ikichoka, kifaa kizima kiko hatarini. Halafu kuna programu. iPad ya kwanza iliingia sokoni Aprili 2010. Septemba 2012 toleo jipya la mfumo wake, iOS 6, likatoka na kuiacha nje. Miaka miwili na nusu! Kioo kizima, betri nzima, ila kila mwezi programu nyingine inakugomea.

Watengenezaji husema programu mpya zinahitaji nguvu zaidi, na iPad ile ilikuwa na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya megabaiti 256 tu. Hilo nalikubali. Gundi nayo inasaidia kukifanya kifaa kiwe chembamba. Lakini siamini kwamba hakukuwa na njia nyingine, kwa sababu Umoja wa Ulaya umeshawabana: tangu Juni 2025, vishikwambi vinavyouzwa huko lazima vipate masasisho ya mfumo kwa angalau miaka 5 baada ya kuacha kuuzwa, na vipuri vipatikane. Kinachowezekana kwa mnunuzi wa Ujerumani kinawezekana kwa mwalimu wa Rungwe, ambaye hawezi kununua kingine kila baada ya miaka mitatu. Dukani tunauliza “GB ngapi?” Mimi sasa naanza na masasisho: yataendelea mpaka mwaka gani? Swali la pili ni kama betri inabadilishika.

Kioo cha mwalimu kilipona. Betri mpya haikuwepo, fundi akaitoa kwenye kishikwambi cha aina ileile kilichokufa kioo. Kilipowaka, programu ya kwanza aliyoigusa ikaomba isasishwe, kisha ikasema mfumo wake ni wa zamani mno. Mwalimu akatoa flashi mfukoni, akaomba maandalio yake yahamishwe kwanza.