Baba asiye na kitu mfukoni

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, baba ni minerval, yaani ada ya shule. Mtoto anarudi nyumbani: "Papa, wamesema wasiolipa wabaki kwao." Ukitoa, wewe ni baba, ukikosa, hata salamu inapungua. Wanaume wengi tumeikubali hesabu hiyo, tena tunaringa nayo. Mimi siitaki, na kilichonitoa humo ni msitu wa Kahuzi-Biega, mbuga ya gorila.

Si mbali. Ukifika Miti unaiacha njia ya Kavumu, unapanda hadi Tshivanga, kwenye makao ya mbuga. Kutazama gorila kunataka mtoto awe na miaka 15, kwa hiyo nilimngoja mkubwa wangu aifikishe, wakati ule barabara ilipokuwa bado inapitika kwa amani. Mle ndani sikuwa na cha kumpa. Anayeamuru ni mfuata nyayo mwenye panga. Mimi nilikuwa nyuma nahema, viatu vimejaa matope, na kijana ndiye aliyenivuta mkono kwenye mteremko. Dume la gorila lilipokohoa ndani ya mianzi, aliona wazi kwamba baba yake anaogopa. Baada ya hapo akaanza kuongea. Akaniambia hataki kusoma sheria, anataka ufundi wa magari. Nyumbani neno hilo lingenifikia kupitia kwa mama yake, kama lingefika.

Na lile dume lenyewe! Watoto wanampanda mgongoni, naye ametulia. Hawachumii chakula, kila mmoja anajitafutia majani yake. Yeye anawalinda, na anakuwepo. (Sisemi tuige wanyama. Minerval haitajilipa.)

Ila msitu huo ulikuwa na wenyewe. Mbuga ilianzishwa mwaka 1970, ikapanuliwa 1975, na familia za Batwa, wenyeji wa asili wa msitu huo, zikatolewa humo. Baba wa Kitwa alimlea mwanawe mlemle: asali, dawa, nyayo, makaburi ya wazee. Leo mwana huyo akiingia kuokota kuni anakamatwa, nami niliingia na tiketi. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imetamka kwamba haki zao zilivunjwa. Uamuzi huo ulitangazwa mwaka 2024. Halafu bado kuna watu wa mjini wanaoniambia kutembea porini na mtoto ni mambo ya wazungu.

Siku njia itakapotulia, wa kwanza kuingia na watoto wao wawe baba wa Kitwa, bila tiketi. Mimi na wangu tutapanga foleni nyuma yao.