Pesa Ninaiona, Mbona Haitoki?

Jumamosi iliyopita dada yangu mkubwa alinipigia simu usiku. Dada ni mchoraji wa picha za vitabu vya watoto, na kwa mara ya kwanza mteja wa nchi nyingine alikuwa amemlipa kwa USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola. Dola 180 ziliingia kwenye pochi iliyo katika simu yake dakika chache tu baada ya mteja kuikubali kazi. Alifurahi, nami nikafurahi kuliko yeye, maana mimi ndiye niliyemshawishi aifungue pochi hiyo. Kisha akajaribu kuzihamisha.

"Mdogo wangu, pesa ninaiona hapa kwenye kioo. Mbona haitoki?"

Haikutoka kwa sababu hakuwa na TRX. USDT yake ilikuwa kwenye mtandao wa Tron, na huko ada ya muamala hailipwi kwa USDT, hulipwa kwa sarafu ya mtandao wenyewe. Alikuwa na dola 180 na hakuweza kutoa hata moja, kwa kukosa sarafu nyingine ambayo jina lake alilisikia kwa mara ya kwanza usiku huo. Nilimrushia TRX kidogo kutoka pochi yangu, pesa ikatoka, akalala.

Mimi sikulala vizuri. Asubuhi nilikieleza kisa hiki katika kundi la wapenzi wa kripto ambalo nimo kwa miaka kadhaa, na jibu la kwanza, lililoungwa mkono na wengi, lilikuwa: "Asome kwanza kabla ya kuingia."

Nimelibeba jibu hilo wiki nzima na kila siku linanichoma zaidi.

Asome nini hasa? Aanze na jina la sarafu. USDT ni jina moja, lakini USDT ya Tron, ya Ethereum na ya BNB Smart Chain kila moja inaishi kwenye daftari lake la miamala. Anayetuma huletewa orodha ya vifupisho vya mitandao hiyo achague: TRC20, ERC20, BEP20. Hakuna hata kimoja kinachomwambia mtu wa kawaida kitu chochote. Anwani ya Tron huanza na herufi T, kwa hiyo angalau hapo pochi inaweza kugundua kwamba umekosea. Lakini anwani za Ethereum na BNB Smart Chain zina sura ile ile, herufi na tarakimu 42 zinazoanza na 0x. Ukichagua mtandao usio sahihi, muamala unakubaliwa, ada inakatwa, na pesa inakwenda kukaa mahali ambapo mpokeaji haangalii. Ikiwa pochi ni yake mwenyewe, anaweza kuifikia kwa sababu ufunguo wa siri wa pochi ni ule ule. Ikiwa ni anwani ya soko la kubadilishia sarafu lisilopokea mtandao huo, unabaki kuwabembeleza wenye ufunguo, na wao hawalazimiki kukusaidia.

Lakini la ada ndilo ninalotaka kulisema kwa kirefu, kwa sababu naona tumelizoea hadi hatulioni tena.

Sababu ya ada hiyo kuwepo naijua, na ni ya kweli. Kompyuta zinazothibitisha miamala hazifanyi kazi bure, na bila ada mtu yeyote angeweza kuujaza mtandao miamala ya upuuzi hadi ukwame. Sipingi ada. Ninachopinga ni kumkabidhi mtu pesa ambayo haina uwezo wa kujilipia nauli. Ukiwa na USDT kwenye Ethereum unahitaji ETH. Ukiwa nayo kwenye Tron unahitaji TRX. Ukiwa nayo kwenye Solana unahitaji SOL. Mtungi umejaa maji, kata hakuna, na kata inauzwa nyumba nyingine. Ili aipate, asiye na ndugu wa kumpigia anatakiwa afungue akaunti kwenye soko la kubadilishia sarafu, apige picha kitambulisho chake na uso wake, asubiri akubaliwe, aweke fedha nyingine kabisa maana ile aliyo nayo imenasa, anunue, achague tena mtandao kwenye ile orodha ya vifupisho, na hapo agundue kwamba soko lina kiwango cha chini cha kutoa kilicho kikubwa kuliko anachohitaji. Yote hayo ili aguse mshahara wake mwenyewe.

Na hata ukishaipata kata, kina chake hakijulikani. Kwenye Ethereum, muamala ukishindwa katikati, gesi, yaani ada ya mtandao huo, iliyokwisha kutumika hairudi, umelipia kushindwa. Kwenye Bitcoin ada hupanda kwa kugombea nafasi. Mwezi wa Aprili 2024, siku ambayo zawadi ya wachimbaji, yaani wenye kompyuta zinazothibitisha miamala, ilipunguzwa kwa nusu, wastani wa ada ya muamala mmoja ulipita dola 100. Steam, duka la michezo ya kompyuta, lilianza kupokea Bitcoin mwaka 2016, ada ikiwa karibu senti 20 za dola. Desemba 2017 liliacha, na moja ya sababu ilizozitaja ni kwamba ada ilikuwa imekaribia dola 20. Mnunuzi wa mchezo wa dola 20 afanye nini hapo? Asome?

Hapa ndipo ninapowauliza wenzangu wa kundi: tukikubali kwamba dawa ni kusoma, mbona waliosoma nao wanaangamia? Stefan Thomas ni mwanaprogramu, mtu wa kazi hii hasa. Ufunguo wa bitcoin zake 7,002 umo ndani ya kifaa kilichofungwa kwa nenosiri alilolipoteza, kifaa kinachoruhusu majaribio 10 tu. Mei 2024 mtu mmoja alituma sarafu za thamani ya takriban dola milioni 68 kwenye anwani ya mwizi, kwa sababu mwizi alikuwa ametengeneza anwani inayofanana na ile aliyoizoea mwanzoni na mwishoni, kisha akaipenyeza kwenye orodha ya miamala yake. Baadaye mwizi alizirudisha, lakini si kwa sababu mfumo ulimlazimisha. Halafu Februari 2025, soko la Bybit: watu ambao kuidhinisha miamala ndiyo kazi yao waliidhinisha muamala uliokuwa ukionekana wa kawaida kwenye kioo, kumbe chini yake kulikuwa na amri nyingine. Takriban dola bilioni 1.5 zikaondoka.

Hao ndio walimu. Kama walimu wanashindwa kusoma kilichoandikwa kwenye kioo chao wenyewe, tunampelekaje mchoraji wa vitabu vya watoto darasani na kumwambia akifeli ni juu yake?

Anwani ya herufi 42 haikuumbwa kwa macho ya binadamu. Hakuna anayeisoma yote. Sote tunatazama nne za mwanzo na nne za mwisho, tunanakili, tunabandika, tunabonyeza. Wezi wanalijua hilo na ndipo walipojenga kazi yao, hata kwa virusi vinavyobadilisha anwani kati ya kunakili na kubandika. Udhaifu huu si ujinga wa mtumiaji. Umo katika kifaa tulichompa.

Kuna na yale maneno ya siri yanayorejesha pochi simu ikipotea au kuharibika. Maneno 12 au 24, yaliyochaguliwa kwenye orodha ya maneno 2,048 kwa utaratibu uliowekwa mwaka 2013. Orodha zake rasmi zipo kwa Kiingereza, Kijapani, Kikorea, Kihispania, Kichina, Kifaransa, Kiitaliano, Kicheki na Kireno. Kiswahili hakimo. Dada aliyaandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake la michoro, penseli, na hajui kwamba karatasi hiyo ikilowa na simu ikaharibika siku hiyo hiyo, hakuna ofisi duniani atakayoiendea. Nilipomweleza alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza ni nani aliyeona huo ni mpango mzuri.

Nitakubali jambo moja, ingawa linaniuma kulikubali leo. Walioujenga mfumo huu bila mtu wa katikati walikuwa na sababu. Mt. Gox, soko la kubadilishia bitcoin, ilianguka mwaka 2014 na takriban bitcoin 850,000 zikasemekana zimepotea, nyingi zake za wateja walioamini kwamba kuna mtu anazitunza. FTX, soko jingine, ilianguka Novemba 2022 kwa namna yake. Anayeshika ufunguo wake haibiwi na mwenye soko. Na muamala usiorudi nyuma unamlinda mchuuzi dhidi ya mnunuzi anayelipa leo na kuidai pesa yake kesho. Haya ni kweli. Lakini hakuna hata moja kati yake linalodai kwamba pochi ikae kimya mtu anapopokea pesa asiyoweza kuitoa.

Mwendo nao ni kikwazo: Bitcoin hufunga kitalu kimoja, yaani fungu la miamala, kila baada ya dakika 10 hivi na hubeba takriban miamala 7 kwa sekunde. Lightning, mtandao wa malipo ya haraka uliojengwa juu ya Bitcoin, iliundwa kulitibu hilo, nayo inafanya kazi, ila ukitaka kuishika mwenyewe inakuletea somo jingine la njia na ujazo wake. Kupanda na kushuka kwa bei kumesemwa vya kutosha.

Nchi ya El Salvador ilijaribu kwa nguvu ya serikali. Tarehe 7 Septemba 2021 sheria ikaifanya Bitcoin fedha halali, serikali ikatoa pochi ya Chivo na zawadi ya dola 30 kwa kila aliyejisajili. Siku ile ile ya kwanza pochi ililazimika kuzimwa kwa muda kwa sababu mitambo ilizidiwa. Januari 2025 bunge liliondoa lazima ya kuipokea. Sheria inaweza kumwamuru muuzaji apokee. Haiwezi kumwondolea mnunuzi hofu ya kidole chake kubonyeza pasipostahili.

Kinachonikasirisha zaidi ni kwamba dawa nyingi zipo tayari. Vitalik Buterin, mmoja wa waanzilishi wa Ethereum, aliandika mwezi Januari 2021 akitetea pochi ambazo mwenye kupoteza ufunguo anaurejesha kwa msaada wa watu kadhaa aliowateua mwenyewe. Tangu Machi 2023 Ethereum ina njia ya kumwezesha mtu mwingine akulipie gesi, au uilipe kwa USDT hiyo hiyo uliyo nayo. Mabadiliko ya Mei 2025 yakaifikisha njia hiyo hata kwenye akaunti za kawaida. Kazi ngumu ya hesabu imekwisha fanywa. Iliyobaki ni ile isiyo na sifa: kukaa na mtu kama dada, kumtazama anavyobonyeza, na kurekebisha kila mahali anaposita. Kazi hiyo naona wachache wanaoitaka, na naamini "asome" limekuwa kisingizio cha kutoifanya.

Jana mteja yule yule alimwuliza dada alipweje kwa kitabu cha pili. Akachagua benki. Atasubiri siku kadhaa na watamkata, anajua. Nilijaribu kumshawishi, nikamwambia safari hii TRX ipo tayari kwenye pochi.

"Benki nikikosea nina pa kwenda kulalamika," akasema. "Huku nina wewe tu."

Sikuendelea kumshawishi. Pochi itakapomwambia, kabla hajapokea hata senti, kwamba pesa hii hataweza kuitoa bila kitu fulani, na kumpa kitu hicho hapo hapo, nitampigia mimi.